Chai Moja, Sukari Mbili

Watu husema nina mdomo. Sikatai. Kazi yangu ni ya juu ya ngazi, na aliye juu ya ngazi asipopaza sauti hakuna atakayemsikia. Mtaani wananiita Mama Bango, na ukiona bango lolote kuanzia kituo cha mabasi mpaka sokoni lina herufi zilizonyooka, hata kama rangi imeanza kubanduka, ujue mkono ni huu. Lakini siku niliyouhitaji huo mdomo kuliko siku zote tangu nizaliwe, ulinigomea. Ninasimulia kwa sababu nina hasira, na mimi sijui kulala nayo.

Kazi hii sikuzaliwa nayo. Fundi alikuwa mume wangu. Mimi nilikuwa wa kusafisha brashi na kushika ngazi. Alipoona mwanamke mwingine anamfaa zaidi alibeba nguo zake, redio na godoro, akaniachia ndoo mbili za rangi, ngazi, na binti wa miaka minne. Godoro jamani! Mtu anamwacha mtoto anabeba godoro. Brashi alizisahau, au labda huko alikokwenda aliahidiwa kula bila kufanya kazi. Nikaziokota, nikaanza.

Kwa mabango ya Kiswahili sikuwa na shida. Shida ni kwamba wateja wanataka Kiingereza. Kinyozi ambaye watu wake wote wanaongea Kiswahili kuanzia mlangoni mpaka kwenye kiti, naye anataka ukuta wake uandikwe Kiingereza. Haya, mteja ni mfalme. Mimi niliishia darasa la tano, na Kiingereza nilikuwa nakiona ubaoni kwa mbali tu, kama mtu anayeona gari la harusi ya wengine likipita. Bango langu la kwanza la lugha hiyo lilikuwa la mkahawa, na neno lenyewe lilikuwa restaurant. Nililiandika nilivyolisikia. Mwenye mkahawa akatoka na kikombe mkononi, akasoma, akarudi ndani, akatoka tena na wateja wake wote. Walicheka mpaka mmoja akapaliwa na chai. Nikalikwangua lile neno kwa kisu mbele yao, herufi moja moja, na binti yangu amekaa juu ya ndoo ananitazama.

Kuanzia siku hiyo nikaapa kwamba hakuna atakayenicheka tena kwa herufi. Nikaokota kamusi kuukuu iliyokuwa ikifungiwa maandazi, imeanzia kwenye C, kurasa za mbele zilishaliwa zamani pamoja na maandazi, maneno ya A na B nikayafuata kwenye mabango ya watu. Nikajitungia njia yangu. Kiswahili hakina hila, kinavyoandikwa ndivyo kinavyosomwa, kwa hiyo nikawa nalichukua neno la watu nalisoma Kiswahili, silabi kwa silabi, na lile linalokataa nalipa kisa chake. Wanakosea necessary? Hiyo ni chai moja, sukari mbili: c moja, s mbili. Accommodation ni nyumba ya wageni, chumba kwa chumba na mkeka kwa mkeka, ndiyo maana c ni mbili na m ni mbili. Maintenance watu wanaisumbua bure. Ukarabati ni nini kama si kufanya tena? Basi tazama katikati yake, tena imekaa pale imetulia. Separate ina para, huyo ni mtu aliyetengana na nywele zake. Ile n ya katikati ya government haisikiki lakini ipo, kama kodi. Na committee, hao ni wajumbe wa kikao cha posho: m amekuja na mwenzake, t na mwenzake, e na mwenzake.

Siandiki neno kabla mdomo haujalipita. Nikipiga mstari wa chaki, nikichovya brashi, ninalisoma kwa sauti, be-a-u-ti-fu-l, na mkono unafuata. Binti yangu alikulia chini ya ngazi hiyo. Alipokuwa na miaka sita alikuwa ananisomea kisa kutoka chini nami ninaandika juu, halafu tunabadilishana, mimi nauliza, yeye anajibu. Wapita njia walisimama kusikiliza. Mtoto hana kiatu cha maana, lakini muulize neno lolote gumu, anakupa pamoja na kisa chake na kicheko juu.

Ndivyo alivyopata nafasi kwenye ile shule yenye mabasi yake na bustani yake. Walifanya mtihani watoto mia tatu, na kwenye karatasi ya tahajia ya Kiingereza mwanangu hakukosa hata neno moja. Barua ilipokuja nililia kama nimefiwa. Chini ya barua wakaandika kwamba mzazi afike na mtoto kwa mahojiano na kujaza fomu.

Hapo ndipo nilipojichimbia kaburi langu mwenyewe, simlaumu mtu. Kuandika Kiingereza ninaweza, kukiongea siwezi. Maneno ninayoyajua mimi hayana sauti yake, yana sauti yangu. Nikajiona nimekaa mbele ya wale walimu, wananiuliza jambo, nami nafungua mdomo inatoka ile ya mkahawani. Nikaogopa. Mimi, ambaye nimegombana na madiwani wawili na polisi mmoja! Nikamwomba kaka yangu aende. Yeye ni karani kwenye ofisi ya maji, anavaa tai hata siku za joto, na anaongea Kiingereza chake polepole kama anayemwaga mafuta. Akaenda na binti, akajaza fomu, akaweka sahihi. Aliporudi akaniambia mambo yamekwisha na kwamba, ili kurahisisha, amejiandika yeye kuwa mlezi. Nikamshukuru. Nikamshonea hata shati.

Waswahili walisema asiyekuwapo na lake halipo. Mikutano ya wazazi alikwenda kaka. Ripoti za shule alipelekewa kaka. Basi la shule lilimshusha binti yangu mtaa wa mjomba wake, kwenye nyumba yenye geti, halafu anatembea kwa miguu mpaka kwetu. Nilidhani ni kwa sababu basi haliwezi kuingia kwenye kichochoro chetu. Ni kweli haliwezi. Lakini lingeweza kusimama hapo barabarani tu.

Alipofika kidato cha pili alikuwa bingwa wa tahajia wa shule nzima, miaka miwili mfululizo. Wakati huohuo mwalimu mkuu akapita mbele ya zahanati, akaona bango langu lenye maneno kumi na sita ya Kiingereza yasiyo na doa, akauliza ni nani, akaja mwenyewe mpaka nyumbani kwangu. Mtu mpole, ana miwani. Akasema wanafunzi wake wanarudia makosa yaleyale kila mwaka, na anataka ukuta wa maktaba uandikwe maneno arobaini yanayokosewa zaidi, kwa herufi kubwa, ili wakipita wayaone mpaka yawaingie. Akanionyesha orodha. Jamani, niliisoma mara mbili. Maneno thelathini na tisa nilikuwa nayo kichwani, la arobaini nikalikariri palepale.

Hakujua mimi ni mama wa nani, nami sikumwambia. Nilitaka asikie kutoka kwa mwanangu. Sikuhitaji kingine. Alisema ukuta ukikamilika kutakuwa na mkusanyiko, wanafunzi wote na wageni, na fundi atatambulishwa. Nikawaza: siku hiyo nitasimama mbele ya shule ile, na mwanangu ataniita mama, mara moja tu, kila mtu asikie. Basi. Baada ya hapo kaka aendelee na mikutano yake na tai yake, sina neno.

Jioni nilipomwambia binti alikuwa anapiga pasi sketi yake. Hakuinua kichwa. Akauliza kama nitakwenda na lile gauni lenye madoa ya rangi. Nikamwambia ndiyo, ndilo la kazi, au alitaka nipande ngazi na gauni la harusi? Akapiga pasi mkunjo uleule mara tatu.

"Mama, kwenye fomu yupo mjomba."

"Fomu haikukuzaa," nikamwambia.

Akaitundika sketi. Nami nikaona nimeshinda, maana mimi nikimaliza maneno huwa najihesabu mshindi.

Kazi ilichukua siku tatu. Nilipaka ukuta rangi nyeupe mara mbili, nikavuta uzi wa chaki, nikaanza na accommodation kwa sababu ndilo refu na linakula nafasi. Wanafunzi walikuwa wanapita kwenda madarasani, wananisalimu vizuri tu, shikamoo fundi, marahaba wanangu. Mwanangu hakupita. Siku ya kwanza nikasema labda darasa lake liko upande mwingine. Siku ya pili nikamwona kwa macho yangu na wenzake wawili, wanakuja kwa njia ya maktaba, wanacheka. Akaniona juu ya ngazi. Akawashika wenzake mikono, akawageuza wakazungukia nyuma ya jikoni, kwenye matope. Viatu vile nimevinunua mimi. Jioni akarudi navyo vimejaa tope, akaviosha, nami nikamtengea chakula. Nikajidanganya kwamba labda shule inakataza wanafunzi kuongea na mafundi.

Siku ya nne ndiyo ilikuwa yenyewe. Wanafunzi kama mia nne wamesimama kwenye uwanja wa lami, walimu wamekaa kwenye viti, na wageni kwenye safu ya mbele. Nani yuko katikati ya wageni? Kaka yangu, na tai, na lile shati nililomshonea. Alinipa ishara ya kichwa kama mtu anayemsalimu mlinzi.

Mwalimu mkuu akanisifu. Akasema fundi huyu ameandika maneno arobaini bila kunakili, ameyatoa kichwani, na yeye amehakiki neno kwa neno hakuona kosa. Wakapiga makofi. Halafu, kwa wema kabisa, simsingizii, akanikabidhi kijiti akaniomba niwasomee wanafunzi maneno matatu tu ya kwanza.

Ningekataa. Lakini nilikuwa nimelewa makofi. Nikanyoosha kijiti nikasoma kama ninavyosoma siku zote, kama ninavyosoma juu ya ngazi. "A-cho-mo-da-ti-on. Ne-che-sa-ri. Ma-in-te-na-nche."

Kicheko kilianzia nyuma kikaja mbele. Si kicheko kibaya sana, watoto ni watoto. Hata walimu wawili waliinamia magoti yao. Mimi nilikuwa namtafuta mmoja tu, na nikamwona, safu ya tatu. Hakuwa anacheka. Alikuwa anatazama viatu vyake.

Mwalimu mkuu akawanyamazisha, akakasirika kweli. Kisha, akidhani anarekebisha, akamwita bingwa wa shule aje asome orodha vizuri. Mwanangu akatoka. Akasimama upande wangu, bega lake karibu na langu, nasikia harufu ya sabuni niliyofulia shati lake. Akasoma yote arobaini kwa Kiingereza safi, kile cha redioni. Mwalimu mkuu akamuuliza, hebu waambie wenzako, wewe unayakumbukaje haya maneno bila kukosea?

Binti yangu akaanza. Akawapa chai moja, sukari mbili. Uwanja ukacheka, lakini cheko jingine, la kufurahi. Akawapa chumba kwa chumba na mkeka kwa mkeka, akawapa yule mwenye para aliyetengana na nywele zake, akawapa wajumbe wa posho, na hapo walimu nao wakapiga makofi. Akawapa tena ya ukarabati. Kila kisa kilikuwa changu, na mpangilio ulikuwa wangu, hata pale pa kunyamaza kidogo kabla ya kicheko, nilimfundisha mimi. Watoto wengine walikuwa wanaandika kwenye viganja. Moyo wangu ulijaa mpaka nikakisahau kicheko cha mkahawani na kile cha uwanjani. Nikasema kimoyomoyo, sasa inakuja.

"Ajabu sana," akasema mwalimu mkuu. "Nani alikufundisha mbinu hizi?"

Binti yangu alinitazama. Nataka nilieleze hili vizuri kwa sababu ndilo linaloniuma: alinitazama kabisa, machoni. Na sikuona dharau, afadhali ningeona dharau, dharau ningeichapa. Niliona ananiogopa. Alikuwa amekunja pindo la sketi kwenye ngumi, anaogopa mdomo wangu, kwamba nitasema.

"Mjomba wangu," akasema.

Na kaka akasimama! Wallahi alisimama. Alinitupia jicho kwanza, jicho moja la haraka, halafu akafunga kifungo cha koti, akainama kidogo kulia, akainama kidogo kushoto, na watu mia nne wakampigia makofi mtu ambaye hajui hata kushika brashi.

Maneno yalikuwepo. Yalipanga foleni kooni, ningeyasema kwa Kiswahili tu na yangetosha, mimi ndiye niliyemzaa, mimi ndiye niliyemfundisha, iulizeni ile kamusi. Nikaiona ile ngumi kwenye pindo la sketi. Nikajua kwamba nikisema nitapata haki yangu, naye hatakuwa na pa kusimama kwenye uwanja ule mpaka amalize shule. Mdomo ukajifunga. Nikakirudisha kijiti mezani na kuanza kukusanya makopo yangu.

Kaka alinifuata nyuma ya maktaba nilipokuwa naosha brashi. Akaniambia, mdogo wangu, usivunjike moyo, mtoto alibabaika tu, na mimi ningefanyaje, ningemkana mbele ya watu? Tusimharibie siku yake. Akasema kwa wenzetu hawa mtu anaangaliwa familia yake, na mtoto ana safari ndefu. Nikamuuliza kama hajanikana mimi. Akatazama saa. Akasema tutaongea nyumbani, akaenda kunywa soda na walimu.

Nilikuwa nimeshafunga kamba ya ngazi begani mwalimu mkuu aliponiita. Akaniomba radhi kwa kile kicheko, radhi ya kweli, mpaka akavua miwani. Kisha akasema wamepata wazo yeye na wageni. Pale mwisho wa orodha, kulia, kuna nafasi. Niandike kwa herufi ndogo kwamba mbinu za kukumbuka maneno haya zimetolewa na mjomba wa bingwa, na jina lake kamili, ili iwe mfano kwa wazazi wengine wanaowaachia walimu kila kitu. Atamtuma mwanafunzi aniletee jina kwenye karatasi nisije nikalikosea.

Nikaegemeza ngazi tena. Ningeweza kuondoka, najua. Kila niliyemsimulia ananiambia ningeondoka. Lakini nilikuwa nawaza kwamba huyo mwanafunzi atakayetumwa nitamjua.

Akaja na wale wenzake wawili. "Fundi," akasema, "mwalimu mkuu amesema uandike hili." Sauti ileile ya kuniomba uji alipokuwa mdogo. Nikapokea karatasi. Mwandiko wake mzuri, mimi ndiye niliyemshika mkono akajua kuuandika, na juu yake jina la kaka yangu, likifuatiwa na jina la baba yetu, ambalo ni langu pia. Wenzake wakaona chupa za soda zinagawiwa, wakakimbilia huko. Tukabaki wawili. Hapakuwa na mtu, si mwalimu, si mlinzi, ni mimi na yeye na ukuta wenye rangi mbichi. Nikasubiri. Hata kwa kunong'ona ningepokea.

Akageuka akahakikisha nyuma yake hakuna mtu. Akanisogelea mpaka nikahisi pumzi yake.

"Usikosee," akasema, akawafuata wenzake.

Nikapanda vidato viwili vya ngazi, nikachovya brashi ndogo. Nikalisoma lile jina kwa sauti, silabi kwa silabi, la kaka kwanza, kisha la baba. Nikaliandika. Sikukosea.